Kupata Njia Katika Maji Yaliyotibuka: Mwongozo kwa Wanaozamia Meli Zilizozama Katika Maziwa ya Uganda

Mwongozo huu umekusudiwa wapiga mbizi wenye cheti ambao wamezoea maji maangavu ya bahari, pengine Mombasa au Zanzibar, na ambao sasa wanataka, au wanatumwa na kazi, kuzamia meli iliyolala chini ya Ziwa Viktoria au Ziwa Albert. Unawahusu pia polisi wa majini na wavuvi wanaoitwa kila chombo kinapozama, kwa kuwa hao ndio wanaoifanya kazi hii katika hali ngumu kuliko wote. Msingi wake ni huu: mahali ambapo mkono ulionyooshwa hauonekani, dira inaweza kukufikisha kwenye meli na kukuondoa hapo, lakini ukishaigusa meli yenyewe, kamba uliyoitandika kwa mikono yako ndiyo njia ya kuiamini. Kuingia ndani ya meli ni jambo la mafunzo maalumu mbele ya mwalimu, na hakuna maandishi yanayoweza kuchukua nafasi ya mafunzo hayo.

Yafahamu maji kabla ya kuvaa mtungi

Uchafu wa maziwa yetu una asili mbili, na kila mmoja unadai namna yake ya kushughulikiwa. Wa kwanza ni mwani mdogo mno unaoyafanya maji yawe ya kijani, hasa katika ghuba zilizojificha kama ile ya Murchison, upande wa Ggaba na Port Bell, ambako maji ya mvua na ya mitaro ya Kampala huishia. Hapo tochi yenye mwanga mpana hukurudishia mwanga wake machoni kama ukuta mweupe, kwa hiyo chagua yenye mwali mwembamba na uishike chini, mbali na usawa wa macho. Uchafu wa pili ni tope laini la chini, ambalo hutibuka kwa teke moja na kuelea kwa muda mrefu kuliko hewa yako. Huu wa pili mara nyingi ni mpiga mbizi mwenyewe anayeuleta.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kupata njia ni kupunguza uzito unaouvaa ili kuzama. Maji ya ziwa hayana chumvi na hayakuinui kama ya bahari; mtu aliyepanga uzito wake Mombasa hubaki na takriban kilo 2 au 3 za ziada akifika Entebbe, naye huburuta magoti kwenye tope tangu dakika ya kwanza. Pima uzito wako upya karibu na ufuko, ujifunze kupiga miguu kwa mtindo wa chura, magoti yakiwa yamekunjwa na mapezi yakisukuma maji kwenda nyuma badala ya kwenda chini.

Kumbuka pia kwamba Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari, na Albert mita zipatazo 620. Mizamo yote inayofanyika juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa ya nyanda za juu, hivyo majedwali ya baharini ya muda wa kuzamia hayafai na kompyuta ya kuzamia lazima iwekwe kwa mwinuko wa mahali ulipo. Jambo hili linagusa njia pia: geji ya kina ya mshale, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari, husoma pungufu kwa mita moja na zaidi katika Ziwa Viktoria, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na maji hayana chumvi. Wapiga mbizi wawili wenye geji za aina tofauti wanaweza kushika kina kimoja huku kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amepotea, kwa hiyo zilinganisheni mkiwa kwenye kamba ya kushukia.

Kusanya habari nchi kavu

Wavuvi wa mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, wanajua zaidi ya ramani. Meli iliyozama hukamata nyavu, na mvuvi aliyepoteza makila yake, yaani nyavu zake, hasahau mahali pale. Waulize nyavu hukwama wapi, kina kinabadilikaje, na kama mahali penyewe ni chuma au jiwe, kwani wao hulitambua hilo kwa jinsi uzi unavyokatika: kwenye jiwe hulika polepole na kuacha nyuzi nyuzi, na kwenye bati lenye kutu hukatwa kama kwa wembe. Habari hizo zikagueni kwa kipima kina cha mwangwi kabla ya mtu yeyote kushuka.

Tafuta mchoro wa meli au wa meli ya aina yake. Kabalega, kwa mfano, iliyozama mwaka 2005 baada ya kugongana na meli nyingine, Kaawa, ilikuwa meli ya kubebea mabehewa, na sitaha ya meli kama hiyo ina reli za treni zilizolala kufuata urefu wake. Kwa mtu anayepapasa gizani, reli ni zawadi kubwa, kwani ikishatambuliwa kwa kidole inakuambia mara moja kwamba uko sitahani na kwamba mbele yako ni omo (sehemu ya mbele ya meli) au tezi (sehemu ya nyuma). Meli kama Robert Coryndon, iliyozama Butiaba, Ziwa Albert, wakati wa mafuriko ya miaka ya 1960, ilikuwa ya abiria, na meli za namna hiyo zina vyumba vidogo, ngazi na korido ambazo humchanganya mtu haraka zaidi. Chora mchoro wako kwenye kibao cha plastiki, utie alama za vitu vinavyotambulika kwa kugusa tu: winchi, mlingoti, kingo za mlango wa shehena, rafadha. Kama meli imelala ubavu, ugeuze mchoro vivyo hivyo, maana sakafu imekuwa ukuta na mlango umekuwa shimo.

Mahali penyewe paandikwe kwa GPS na pia kwa alama za nchi kavu, jozi mbili zinazokatana: mlingoti wa simu nyuma ya mnara wa kanisa, kwa mfano, na ncha ya kisiwa mbele ya kilima. Usitumie mti wa ufukoni wala gati dogo. Maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda mwaka 2020 yalimeza fukwe nyingi na alama zake. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, kisiwa cha mimea kilichokatika na kuelea kiliziba mitambo ya umeme kule Jinja na nchi nzima ikakosa umeme. Fikiria kisiwa kama hicho, hata kikiwa kidogo, kikipita juu ya boya lenu wakati mko chini. Pangeni mashua ya ulinzi yenye mtu asiye na kazi nyingine ila kutazama gugu maji, mitumbwi na anga. Dhoruba za ziwa hili huzuka hasa usiku na kuendelea hadi asubuhi, na upepo wa kutoka ziwani hupata nguvu mchana. Nafasi tulivu kati ya hizo ndiyo ya kuilenga.

Ijaribu dira ukiwa Uganda

Ikweta ya usumaku, yaani mstari ambako sindano ya dira hailemei upande wowote, haifuatani na ikweta ya ramani. Katika upande huu wa Afrika inapita kaskazini yetu, Ethiopia, na kwa hiyo hapa ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayovutwa chini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya imewekewa uzito mdogo upande huohuo wa kusini, na ikiletwa Uganda hulemea mara mbili, ikakwaruza bakuli lake na kukwama bila wewe kujua. Nunua dira inayovumilia kuinama, kisha uijaribu ukiwa umesimama ufukoni: elekea alama unayoijua, igeuze polepole duara zima, uone kama inateleza bila kusita. Ijaribu tena ukiwa umevaa kila kitu, kwa sababu mtungi wa chuma, tochi na hata kompyuta ya mkononi vinaweza kuipotosha.

Chini ya maji, ishike mbele ya kifua ikiwa bapa, mwili wako wote ukiwa umeelekea inakoelekea. Ili kurudi, ongeza nyuzi 180 kama mwelekeo wako ni chini ya 180, au uzipunguze kama ni zaidi. Hesabu hiyo ifanye mashuani na uiandike. Umbali upime kwa mapigo ya miguu: tandaza kamba ya mita 30 mahali penye kina kidogo, uogelee ukiwa na vifaa vyako vyote na kwa mwendo wa polepole utakaoutumia gizani, uhesabu. Rudia mpaka idadi itulie.

Unapoikaribia meli ya chuma, sindano itaanza kugeuka. Hiyo si hitilafu ya dira, na wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba meli iko karibu. Lakini tangu hapo acha kuitegemea mpaka utakapokuwa umejitenga nayo tena.

Kamba ya kushukia na utafutaji wa duara

Dondosha uzito pembeni mwa meli, si juu yake, ili usije ukakwama ndani ya vyuma. Uzito uwe mkubwa wa kutosha kutoburutwa na boya, na kamba iwe ndefu kidogo tu kuliko kina, kwani ikilegea itajizungusha kwenye mapezi ya anayeshuka. Shukeni mkiishika, mmoja nyuma ya mwenzake, na mkifika chini simameni kabla ya tope, juu yake kidogo, msubiri pumzi zitulie.

Kama meli haionekani wala haiguswi, usiende kuitafuta kwa kubahatisha. Funga kamba nyembamba kwenye shina la kamba ya kushukia. Mmoja abaki hapo akiishika, na mwingine aikaze na kuzunguka. Mwanzo wa duara uwekewe alama ya kugusika, kama kipande cha madini ya risasi chenye utepe, ili ajue amemaliza mzunguko. Duara likimalizika bila kitu, ongeza kamba: ikiwa huoni kabisa, ongezeko lisizidi urefu wa mkono, na kama unaona kidogo, lisizidi umbali unaouona pande mbili. Wakati fulani utahisi kamba imekataa kukufuata na inakuvuta kuingia ndani ya duara, maana yake imekwama kwenye kitu ulichokipita. Rudi kwa kuifuata kwa mkono mpaka mahali ilipokunjika, upapase. Mara nyingi ni kisiki au jiwe. Ikiwa ni meli, funga mwisho wa kamba hapohapo, na sasa kuna njia isiyokatika kutoka meli hadi boya.

Kutandika kamba kwenye meli

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tumia kamba ya nailoni iliyosukwa, isiyo nyembamba kupita kiasi, kwani ile ya milimita 2 inayotosha mapangoni hukatwa haraka na kutu. Usitumie kamba ya plastiki ya kuvulia, ile ya buluu inayouzwa kila mwalo, kwa sababu huelea na kila inapolegea hupanda na kukuzunguka. Iwe na mafundo kila mita 3, ili mkono uhesabu mwendo.

Fungo la kwanza liwe nje ya meli, mahali ambapo juu yake ni maji matupu mpaka hewani. Zungusha kamba mara mbili kwenye kitu imara, upitishe kigurudumu kinachobeba kamba ndani ya kitanzi, ukaze, halafu uvute kwa nguvu ya mwili wako kuona kama chuma chenyewe kitabaki mahali pake. Meli zilizokaa miaka mingi majini zina vyuma vinavyoonekana imara na vinavyomeguka mkononi. Fungo la pili liwe karibu na mlango, kabla ya kuingia. Baada ya hapo, fungo jipya liwekwe kila mahali njia inapopinda, na kamba ibaki imekazwa wakati wote.

Tatizo linalowapata hata wenye uzoefu ni kamba kujivuta yenyewe na kuingia mahali ambapo kidole kinapita lakini kifua hakipiti. Ulipokuwa ukiingia uliona mlango mzima na kamba ikiwa katikati yake. Ulipokata kona mbele, kamba ikakazwa na kuteleza hadi kwenye ufa kati ya bawaba na ukuta. Wakati wa kurudi, maji yakiwa yametibuka, mkono wako unaifuata kwa uaminifu mpaka kwenye ufa huo, na bega linagonga bati. Tiba yake ni kuifunga kabla na baada ya kila mlango, upande mmoja uleule, chini kuliko juu, na mtu wa pili apite akiishika kwa vidole huku akihakikisha kwamba pale inapopita, mwili wake na mtungi wake vinapita pia. Akikuta mahali visipopita, asimamishe safari. Kazi hiyo ya mtu wa pili naipa uzito zaidi kuliko ya anayeshika kigurudumu.

Kwenye kila njia panda weka mshale wa plastiki unaoelekeza nje, unaotambulika kwa kugusa. Mishale hiyo huuzwa tayari, ila plastiki ngumu ya jerikani ikikatwa vizuri na kutiwa mapengo mawili ya kuishika kamba hufaa. Kila kikosi kikubaliane kwamba mshale huonyesha njia ya kutoka na si kitu kingine chochote.

Wahenga wa pwani husema ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpiga mbizi naye, aende tezi au omo, marejeo yake ni kwenye fungo la kwanza. Aliyetandika kamba huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho akiikusanya, na kamba haikusanywi kamwe kabla watu wote hawajathibitishwa kuwa nyuma yake, upande wa nje.

Kusema kwa mkono

Ukiwa unaifuata kamba, izungushie kidole gumba na cha shahada bila kuivuta, na mkono mwingine utangulie mbele ya uso wako. Mwenzako wa nyuma akushike mguu au mkono. Kusukuma mbele ni twende. Kuvuta nyuma ni turudi. Kubana na kuendelea kubana ni simama. Ishara hizi ni chache kwa makusudi. Vikosi vinavyofanya kazi na mshika kamba aliye mashuani viwe na orodha yao ya mivuto, iliyoandikwa na kujaribiwa siku hiyohiyo, kwa sababu mivuto minne kwa kikosi kimoja ni nipandisheni na kwa kikosi kingine huenda ina maana nyingine.

Yeyote anaweza kusitisha mzamo, na haulizwi sababu mpaka wote wawe juu. Najua jinsi inavyokuwa ufukoni chombo kikishazama, ndugu wa waliopotea wamesimama, wazee wanalia, afande anataka mtu ashuke mara moja. Huruma hiyo ni ya haki. Hata hivyo uamuzi wa kushuka ni wa anayeshuka, na afande mwema humlinda dhidi ya shinikizo la umati.

Hewa

Theluthi moja ni ya kwenda, moja ya kurudi, na moja haiguswi. Ukiwa na baa 200 za shinikizo mtungini, theluthi ni 66 na kitu. Ihesabu kuwa 60 tu, yaani ukishatumia 60 na geji kusoma 140, geuka. Anayefikia kiwango chake kwanza ndiye anayewageuza wote. Katika giza kamili kurudi huchukua muda mrefu kuliko kwenda, na anayepapasa huvuta hewa nyingi, hivyo mimi napendekeza kugeuka mapema zaidi ya hapo.

Mambo yakiharibika

Ukiipoteza kamba, simama. Shika kitu kisichosogea na uvute pumzi kadhaa, kwa sababu kila teke la miguu wakati huo hukuondoa kwenye njia na kuongeza tope. Toa kamba yako ya akiba, uifunge kwenye hicho ulichokishika, kisha usogee taratibu kuelekea upande ulioiacha ya kwanza, mkono ukifagia juu na chini. Usipoipata, rudi ulikofunga, ubadilishe mwelekeo. Ukiipata, funga ya akiba juu yake kabla ya kufanya lolote lingine, kisha tafuta mshale kwa vidole.

Mwenzako akipotea, funika tochi yako na utazame kama mwanga wake unaonekana. Muda wa kumtafuta ukubaliwe mashuani. Nje ya meli dakika moja inatosha, kisha kila mmoja apande kwa kamba ya kushukia. Ndani ya meli toka kwa kamba, uiache mahali pake.

Nyavu zilizokwama juu ya meli ni hatari ya kila siku katika maziwa haya. Timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki, hauonekani hata maji yakiwa safi, na kisu huuteleza. Beba mkasi imara mahali pa kufikiwa na mkono wowote, na kifaa cha pili cha kukatia mahali pengine. Usijizungushe, rudi nyuma kwa njia uliyoingilia, mwenzako akikata kuanzia kwenye valvu ya mtungi, ambako wavu hushika mara nyingi.

Kupanda, na baada ya kupanda

Pandeni kwa kamba ya kushukia. Ikiwa haikupatikana, jitengeni na meli, mtoe boya la ishara mkiwa chini na mpande kwa uzi wake, kwani mitumbwi yenye injini haiijui bendera ya wapiga mbizi na feri zina njia zake, kama ile ya Nakiwogo na Lutoboka. Mkiwa mashuani, kila mmoja achore alichokigusa bila kuzungumza na mwenzake kwanza, halafu michoro ilinganishwe. Pale inapotofautiana ndipo pa kuchunguza mzamo ujao.

Mazoezi ya haya yote hayahitaji ziwa. Funga kamba kati ya viti na miti uwanjani, uzibe barakoa kwa karatasi ya foili, uifuate mpaka mwisho, mwenzako akikuondoa njiani bila kukuonya.

Kama mzamo ulikuwa Ziwa Albert, barabara ya kutoka Butiaba kwenda Masindi hupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi zaidi ya mita 1,000, na kwa mwili uliotoka chini ya maji muda si mrefu huko ni kupanda juu kama kwa ndege. Laleni Butiaba, mwondoke kesho yake. Kwa ndege yenyewe kutoka Entebbe, kanuni iliyozoeleka ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja usiohitaji vituo vya kupunguza shinikizo, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Anayefunga safari ya barabara kwenda Kabale, ambako ni juu zaidi ya Kampala, afuate muda ambao kompyuta yake inaonyesha kabla ya kuruhusiwa kuruka.